Mchango wa Kila Kichwa

Nekesa,

Ninakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kwa Kiingereza wewe hunishinda, na leo sina nia ya kushindwa. Utasoma polepole, utakwama mahali, utampigia mama yako simu kumuuliza maana. Vizuri. Neno lililokukwamisha hutalisahau upesi.

Mambo ya safari mama yako ameshayamaliza. Ameshakuambia usiendeshe kwenye ile barabara kuu ya 45 ukiwa na usingizi, ameshakutisha na mafuriko ya Houston, ameshakufungia unga wa ugali wa kulisha jeshi dogo, kana kwamba Houston haina Wakenya. Huko mimi sina la kuongeza. Mimi nina hasira, na ninataka uondoke kesho ukilijua hilo, usije ukadhani baba yako alinyamaza wiki nzima kwa uchungu wa kuachwa. Uchungu upo. Lakini kunyamaza kulikuwa kwa sababu nyingine.

Ni ule mkutano wa DeSoto.

Nitakusimulia nilivyouona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama mbele, na aliyesimama mbele haoni nyuso, anaona umati. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, chama chetu cha kufa na kuzikana, tumekaa kama kawaida yetu: Wakenya mbele karibu na kiyoyozi, Wakongo nyuma karibu na mlango kwa ajili ya watoto. Mwenyekiti, Mwalimu Josfati, akasema mfuko umepungua, nani ana wazo. Ukanyanyua mkono. Nilifurahi, usiniulize kiasi gani. Nilimgusa mama yako kwa kiwiko: huyo ni wetu.

Ukasema, "Shida ni kwamba tuna-charge kila nyumba sawa. Watu watatu wanalipa sawa na watu kumi na moja. Kwa hivyo familia ndogo zina-subsidize familia kubwa. Tukianza kulipa kwa kila kichwa, watu wata-plan."

"Wata-plan nini?" Mwalimu Josfati akauliza. Maskini, kweli hakuelewa.

"Families zao."

Yakapigwa makofi. Hayakuwa mengi, ila nilijua ni ya kina nani: wenye mtoto mmoja, wenye wawili, wenye mbwa. Watu kama sisi. Na huko nyuma nikamwona Furaha, yule msichana wa Mzee Bahati anayesoma sekondari, amemwinamia mama yake sikioni anamtafsiria kwa Kiswahili chao cha Kongo. Mimi nilikuwa nimeinuka kwenda msalani, nikapita karibu, nikaisikia tafsiri. Ilikuwa fupi kuliko hotuba yako.

"Anasema tuko bengi."

Mama Furaha akamuuliza, "Bengi kupita nani?"

Jibu la swali hilo mimi sijalipata, na nimelitafuta.

Kura ni Jumapili hii. Wewe utakuwa Houston, kwenye kazi yako mpya ya bima, ukipima nani ni hatari na nani si hatari. Umerusha jiwe kwenye mzinga, kisha ukahama mtaa. Pendekezo lako likipita, Mzee Bahati, ambaye hupakia maboksi kwenye ghala la Fort Worth, na mkewe, ambaye huosha wazee pamoja nami kwenye makao ya Cedar Hill, watatakiwa kulipia vichwa kumi na kimoja vya nyumba yao kila anapokufa mtu. Hawataweza. Na hakuna mtu atakayewafukuza, utaona. Watajitoa wenyewe, kwa adabu, na sisi tutatikisa vichwa na kusema, jamani, si walijitoa?

Kwenye gari nilikuuliza maneno yale umeyatoa wapi. Ukasema, "Dad, it's basic economics." Eti uchumi wa msingi tu. Mtu akikuambia jambo ni la msingi, mara nyingi maana yake ni kwamba hataki ulichimbe. Lakini unavikumbuka vile vitabu ulivyoviacha gereji baada ya kuhitimu, chini ya baiskeli yako ya zamani? Nimevisoma. Nimevisoma ndani ya gari nikisubiri zamu ianze, na kamusi pajani, nikiruka michoro yote. Mwanzo ilikuwa ni wivu tu: nilitaka kuona ni nini hicho tulichokilipia. Baadaye ikawa mshangao. Wale wazee wa zamani, waliokuwa wa kwanza kujiuliza utajiri ni nini na umaskini unatoka wapi, nilikuta ninawafahamu. Makosa yao yote nilikuwa nimeshayaishi, moja baada ya jingine, na hakuna aliyenipa cheti.

Wa mwanzo walidhani utajiri ni dhahabu. Iingie nyingi, itoke kidogo, ifungiwe. Huyo ni mimi nilipofika Dallas. Nilikula wali na mayai mpaka kuku wenyewe nikawaonea aibu. Baridi ilipokuja sikununua glovu, nilivaa soksi mikononi. Muuguzi mmoja Mfilipino akaniuliza kwa heshima kabisa kama hiyo ni mila ya kwetu. Nikamwambia ndiyo, ya wakati wa kipupwe. Hela zilikaa benki zikiwa na afya njema. Mimi ndiye niliyekuwa nakohoa.

Kisha wakaja Wafaransa fulani wakasema, dhahabu si kitu, utajiri wote unatoka ardhini, na asiyelima ni kupe tu juu ya mgongo wa mkulima. Hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu kwenye maegesho, mlinzi akaja kuchungulia dirishani. Hiyo ndiyo imani ya kila Mkenya wa Texas! Wakusanye wanne tu uani kwetu hapa Mansfield, na kabla mkaa haujashika vizuri mmoja ameshataja ploti. Nami nikanunua ardhi Kitale, nikajenga. Ile nyumba unaijua. Vyumba saba vya kulala, na sisi ni watu watatu. Ulipokwenda ukiwa mdogo uliogopa kulala peke yako, ukaja kwetu, tukalala wote kitanda kimoja tumebanana kama dagaa, na vyumba vingine vyote vikatusikiliza tukikoroma.

Mlinzi wake, Wafula, unamkumbuka. Ana watoto wanane. Wao na mama yao na yeye mwenyewe wanakaa kwenye kile kibanda cha getini, chumba kimoja chenye pazia katikati. Kwenye jumba wanakaa popo. Nilipokwenda mwaka juzi popo walikuwa wameongezeka sana. Hakuna aliyewapelekea habari za kupanga uzazi. Nikasimama uani, jumba upande huu, kibanda upande ule, nikamwambia Wafula, kwa mdomo huu huu ninaokulaumu nao leo:

"Wafula, watoto wanane kwa chumba kimoja. Kweli umelifikiria hilo?"

Akanitazama. Akatazama jumba. Akasema, "Ndiyo, mdosi. Nalifikiria kila siku nikifagia humo."

Nilidhani amekubaliana nami. Nilimpa hata mkono. Nilikuja kuelewa nikiwa kwenye ndege, mkanda umefungwa, bahari chini yangu.

Sasa tufike kwa rafiki yako, maana nilipomfikia kitabuni niliisikia sauti yako. Yule kasisi wa Kiingereza. Alisema watu huongezeka kwa kuzidisha na chakula huongezeka kwa kujumlisha, kwa hiyo njaa itawafikia tu. Na sheria ya kusaidia maskini wa parokia inazaa maskini zaidi, kwa hiyo msaada upunguzwe polepole mpaka uishe. Aliandika kwamba anayezaliwa kwenye dunia iliyokwisha jaa, ambaye wazazi wake hawawezi kumlisha na hakuna anayeitaka kazi yake, hana sahani kwenye karamu. Mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba yenye watoto wengi, akazaa wake, na sijasoma popote kwamba aliwahi kukosa sahani. Nimesoma kwamba yale maneno ya karamu baadaye aliyaondoa kitabuni. Kwa hiyo hata yeye kuna mahali aliona aibu. Wewe ulidhani pale DeSoto umefikiri, Nekesa. Ulikuwa umerithi. Na ukarithi hata yale ambayo mwenyewe alitupa.

Wala usidhani waliomtangulia walikuwa malaika. Walikuwepo washauri wa wafalme waliosema watu wengi ndio utajiri wa mfalme. Walichotaka ni watu wengi, maskini, wa kufanya kazi kwa bei ya kutupwa. Siwasifu. Mskoti mmoja ndiye nilimpenda kidogo. Alisema utajiri wa nchi ni kazi ya watu wake, na kwamba umaskini hauzuii watoto kuzaliwa, unawazuia kukua. Nilimpenda mpaka nikakumbuka kwamba hata hilo nilishalifanyia kosa. Nilipoamini kazi ndiyo utajiri, nilifanya zamu mbili mbili, nikawa tajiri wa uchovu. Ulijifunza kuendesha baiskeli mimi nikiwa kazini. Nilionyeshwa video.

Kukhu wako, mama yangu mzazi, ambaye wewe umebeba jina lake, alizaa tisa. Mimi ni wa saba. Sikudanganyi: tulilala njaa. Kuna miezi, kabla mahindi hayajakomaa, tulikula mboga tupu, na yeye akasema ameshashiba, ingawa hakuna aliyemwona akila. Kwa hiyo sikuimbii nyimbo za familia kubwa. Katika miezi kama hiyo alikuja bwana mmoja wa serikali kwenye baraza la chifu, amevaa suti ya mikono mifupi, amebeba mikate miwili. Wa kwanza akaukata vipande vinne, akaita watu wanne, kila mtu akapata kipande cha maana. Wa pili akaukata vipande kumi na kimoja, ukaweza kusoma gazeti kupitia kipande.

"Mnajionea wenyewe," akasema.

Mama akasimama. "Tumeona, mwanangu. Huu mkate umeutoa wapi?"

"Nimeununua dukani, mama."

"Duka la nani?"

"La Mzee Khamala, hapo barabarani."

"Na Mzee Khamala ana watoto wangapi?"

Baraza liliangua kicheko hata kabla ya jibu. Mzee Khamala alikuwa na wake watatu, na watoto ambao yeye mwenyewe aliwaita majina kwa kubahatisha. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kula mboga tupu. Chifu alicheka mpaka akavua kofia.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu wa kwetu huwa hawaisimulii. Haikupita muda mrefu, mama akaenda hospitali ya misheni akafunga uzazi. Hilo hakulitangaza barazani. Alimwambia dada yangu mkubwa tu: "Nimefunga kwa sababu mgongo ni wangu. Si kwa sababu ya mkate wake."

Kwa hiyo ukitaka kuniambia mwanamke ana haki ya kusema basi, usijisumbue, nililelewa na aliyesema. Ugomvi wangu na wewe uko kwenye yule bwana wa mikate. Ulivaa suti yake, ukaenda kukata mkate mbele ya watu waliokuja kuzikana.

Wewe ulipokuwa mdogo uliomba ndugu. Uliomba Krismasi, uliomba siku yako ya kuzaliwa, ukamwomba hata mchungaji, akaja kuniuliza mimi kana kwamba ninao stoo. Mama yako alitaka. Mimi ndiye niliyepiga hesabu. Nikamwambia ngoja nyumba ya Kitale ifike linta, juu ya madirisha. Ikafika. Ngoja paa. Ngoja vigae, tumemaliza kila kitu, tumlete mtoto kwenye utulivu. Nyumba ikaisha, na daktari akatuambia kwa upole kwamba na sisi tumekwisha. Mama yako hakulia pale. Tulipokuwa tunatafuta gari kwenye maegesho aliniuliza swali moja tu.

"Kwa hivyo hivyo vyumba ni vya nani?"

Ningekuwa DeSoto siku hizo, ningekupigia makofi kuliko wote. Mimi ndiye mtu uliyekuwa ukimtaka. Mimi nili-plan.

Kule Cedar Hill kwenye makao ya wazee tuna mzee mmoja wa chumba cha kona. Alikuwa na ng'ombe, na ardhi, na mafuta chini ya ardhi, Wafaransa wangempenda. Ana mtoto mmoja wa kiume, yuko California, kijana mzuri, hupiga simu bila kukosa. Ni mmoja tu, hawezi kuwa mahali pawili. Siku moja ninamgeuza yule mzee kitandani, akaniuliza kwetu tulizaliwa wangapi. Nikamwambia tisa.

"Tisa!" akasema. "Hamkuwa na televisheni?"

Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba, nikamwinua mgongo apumue. Jibu zuri nililipata siku mbili baadaye nikiwa kwenye barabara ya 287, na garini hakukuwa na mtu wa kumpa. Ni hili: asubuhi anayemwosha ni Mama Furaha. Jioni anayemlisha ni Mtanzania mmoja ambaye kwao wako kumi. Nimekaa pale miaka mingi, na bado sijaona mtu aliyezidi. Ninaona kengele zikilia na mikono haitoshi.

Na kama unadhani mimi nazungumza habari za watu wa mbali, kumbuka matanga ya Kukhu. Alipofariki nilikuwa nimepasuliwa goti, ndege sikuweza kupanda. Matanga tukayakalia hapa Mansfield. Wenzetu wa familia zilizopangika walikuja. Walileta bahasha, wakakaa na koti mwilini, wakasema tuko pamoja, wakaangalia simu, wakaenda. Siwalaumu, watu wana zamu, na bahasha zilisaidia. Lakini aliyeijaza nyumba ni Mzee Bahati na watu wake wote. Watoto walilala kwenye zulia la sebuleni kama viazi. Mama Furaha aliliteka jiko, mama yako akapumzika kwa mara ya kwanza tangu simu ya msiba. Mzee Bahati alikaa karibu nami. Kila nilipoanza kuzama aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kwao. Nyumba isiyo na watu usiku wa msiba ni kitu kibaya sana, Nekesa. Siku hizo yetu sikuisikia ikiwa kimya.

Wewe ulifika siku ya mwisho, ukitoka kwenye mitihani. Ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Why are there so many kids?" Ukapewa sombe, kisamvu chao cha Kongo, ukala sahani mbili. Kwa hesabu yako waliokula zaidi msibani ni wao. Aliyetwanga yale majani, na sufuria zilitoka wapi, hesabu yako haikuwa na safu ya kuandika hayo.

Jumatano nilikwenda kwao Fort Worth. Nilikwenda kuomba radhi kwa niaba yako, nikiwa na soda mkononi kama mtu anayechumbia. Mzee Bahati alinikaribisha, akanihamishia watoto wawili kutoka kwenye kochi.

"Miye siko na hasira na mutoto," akasema. "Iko na masomo, ni muzuri. Lakini batoto yangu kila moya iko na jina."

"Jumapili utakuja kupiga kura?"

"Kufanya nini? Kusikiliza banatuhesabu?" Alicheka, lakini si kicheko cha kunialika. "Baba Nekesa, kule kambi ya bakimbizi balikuwa banatuhesabu kila mara. Munapanga mustari kwa jua, banapima vichwa, njo banapana unga. Kama mutoto moya iko na homa, unamubeba tu, aonekane, juu kichwa kisikose. Nilihesabiwa sana. Nilifikiri hapa Texas nilishamaliza."

Mama Furaha alikuwa mlangoni anasikiliza, kitambaa cha sahani begani. "Tutazika batu betu sisi benyewe," akasema. "Tunajua. Tulizika bengi."

Hapo ndipo hasira yangu ilipotoka kwenye maneno ikaingia mwilini. Ulisema "kila kichwa" kana kwamba neno hilo umelitunga wewe. Mtu yule ameshaishi ndani ya neno hilo, kwenye jua, na mtoto mwenye homa mgongoni. Ulimrudisha kwenye mstari mbele ya watoto wake, na watu wetu wakapiga makofi.

Sikatai kwamba mfuko umepungua. Hilo ulisema kweli. Wala sikatai kwamba una akili kuliko mimi. Nimekuona ukipiga hesabu kichwani ambazo mimi ningehitaji siku na meza. Ndiyo maana nimekasirika. Mjinga angesema yale ningemnunulia chai.

Jumapili nitasimama. Sitasema kuna mtu mmoja alisema hivi na hivi, kama tunavyofanya tukitaka kutukana kwa heshima. Nitasema binti yangu Nekesa alisema, na mimi baba yake napinga. Watakupigia simu watu watatu kabla sijakaa, kukuambia baba yako amekuaibisha. Waambie ni kweli.

Na pendekezo likipita? Nilimwambia Mzee Bahati nina ombi. Likipita, nataka aniandike kwenye nyumba yake, kichwa cha kumi na mbili. Changu nitalipa, na vya wengine nitasaidia kubeba. Alinitazama muda, anapima kama natania.

"Sombe unakula?"

"Nakula."

"Bon. Utalala na mutoto yangu Espoir. Anakoroma."

Nilipomwambia mama yako alisema yeye habanduki Mansfield. Atabaki kichwa kimoja, angalau mtu mmoja katika ukoo huu afaidi bei ya mwanawe. Halafu akaniuliza kama kule kwao kuna nafasi ya mashine yake ya kushona. Kwa hiyo sijui.

Kulifuta pendekezo unaweza. Mwalimu Josfati ana simu, na kutoka hapa hadi Houston barabara imenyooka, mtu ana nafasi ya kufikiri. Sikuombi. Ningekuomba ungefanya kwa ajili yangu, na mimi sitaki lifanywe kwa ajili yangu. Ninakueleza tu hali itakavyokuwa Jumatatu, kama ripoti ya hali ya hewa.

Ukiliacha na likapita, Krismasi usije kunitafuta Mansfield. Njoo Fort Worth, ghorofa ya pili, mlango wenye viatu vingi nje. Bisha kwa nguvu. Kuna kelele humo ndani, na huenda nisisikie.

Baba yako,
wa Mansfield mpaka Jumapili